Kijiko Kilichomvua Mama Mkwe

Nikilitaja jambo hili mpaka leo mwili unanisisimka, na wanaocheka wacheke. Sisi tulikuwa wakulima wa uwele, watu wa upande wa chini ya Sekenke, na samaki tuliwajua wakiwa wakavu tu. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ikatukusanya na kutupanga kwa mistari karibu na Ziwa Kitangiri. Aliyechora mistari hiyo hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba ya mama mkwe wangu ikaangukia jirani kabisa na yangu. Zamani tulikaa mbali na heshima ilikuwa rahisi: hamtazamani usoni, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Sasa kila asubuhi mmoja wetu alikuwa anarukia kwenye miiba.

Mwaka huo mvua ilitunyima. Bwana samaki aliyetumwa kutoka mjini akatuambia ziwa limejaa kambale na sisi tunakodoa macho tu. Akatuonyesha chambo cha bandia: kitu cha kung'aa kinachovutwa majini, kambale akakidhania samaki mdogo. Akatuachia ndoano na uzi wa nailoni, akaenda zake. Chambo chenyewe kila mtu ajitengenezee.

Cha kwanza nilikichonga kwa mti wa mnyaa, kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye ua na ni mwepesi. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba utomvu wa mnyaa na macho havikutani. Mimi, baba wa mtoto, nikajifuta jasho kwa mkono uleule. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akanimiminia maziwa ya mbuzi machoni huku akinisema. Cha pili nilikikata kwenye bati la paa. Kingo zake zikakata uzi wangu mwenyewe, kikazama na ndoano yake.

Cha tatu ndicho kilichoniponza. Nilichukua kijiko cha supu, nikakata mpini, nikatoboa tundu kwa msumari, nikafunga utepe mwekundu na ndoano tatu zilizopeana migongo. Mke wangu akauliza tatu za nini. Nikamjibu kwa ukali kwamba kambale akiikwepa moja, nyingine zitamdaka.

Nikaenda ziwani na ufito wa mkole. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magotini niliposikia nyuma yangu ndoo na sauti za wanawake wanaokuja kuteka maji, na katikati yake kikohozi cha mama mkwe. Kikohozi hicho kila mkwe anakijua, kinakuambia ondoka. Sikuwa na pa kuondokea. Nikakaza shingo nikitazama ziwa, na kwa kuwa mikono ilikosa pa kujificha, nikaupeleka ufito nyuma kwa nguvu bila kuangalia, ili nikirushe kijiko mbele.

Kikagoma. Nilidhani kimenasa kwenye kichaka, nikavuta kwa hasira. Kitu kikapita juu ya kichwa changu, kikatua majini mbele yangu. Kilikuwa khanga. Niliitambua, maana niliipeleka mwenyewe kwa wakwe siku ya mahari.

Sijawahi kuogopa vile. Nilitembea kuelekea kwenye kina mpaka maji yakanifika kifuani, mimi nisiyejua kuogelea. Nikaichomoa ndoano, nikaikunja khanga, nikairusha kinyumenyume, nikabaki mle hadi nyayo zao zikapotea.

Kwa lugha yetu ya nyumbani jambo lingeishia hapo, maana kuvua samaki na kuvua nguo ni maneno mawili mbalimbali. Lakini kijiji kilikuwa cha mchanganyiko, na habari zake zilitembea kwa Kiswahili. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinasema nimemvua mama mkwe. Nilipigwa na butwaa kuona kwamba hata waliokuwa shambani walijua alibaki na gagulo, ile nguo ya ndani ya khanga, la rangi gani: jekundu, walisema. Baba mkwe akaja, hakuitikia shikamoo yangu, akamchukua mke wangu na mtoto wetu mchanga. Alisema ndoa imekwisha na kesho baraza litasema hivyohivyo.

Barazani mwenyekiti wa kijiji akaniuliza nilikuwa nafanya nini ziwani.

"Nilikuwa navua," nikasema.

Watu wakaguna. Akauliza navua nini. Nikasema samaki, na nilipoona midomo inavyobanwa nikawaka, nikataka kuwatukana wote. Mke wangu, aliyekaa upande wa baba yake, akanitazama. Nilielewa kwamba nikifungua kinywa tena nimempoteza.

Mama mkwe hakuweza kukaa mbele yangu. Alikuwa nyuma ya ukuta wa ofisi, na maneno yake yakaletwa na dada yake mkubwa. Bibi huyo akasimama katikati yetu bila kupepesa macho.

"Anauliza hivi: gagulo lake lilikuwa la rangi gani?"

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena.

"Sijui," nikasema. "Sikugeuka."

Bibi akaenda nyuma ya ukuta, akarudi polepole.

"Anasema mkwe wake aliingia maji ya kifuani, na kuogelea hajui, ili asimtazame. Anasema wale wanaoijua rangi ndio wasimame, waeleze walikuwa wanatazama nini."

Hakusimama mtu. Baba mkwe alichezea fimbo yake, kisha akamwambia binti yake abebe mtoto arudi kwa mumewe. Mke wangu akapita mbele ya watu wote akaja kukaa upande wangu. Kile kijiko nilikibakizia ndoano moja, nikahama na kwenda kuvulia mbali na njia ya maji.

Miaka mingi baadaye mama mkwe alifariki. Baada ya msiba mke wangu alikuwa chumbani anakunja nguo za mama yake, akaniita nije nione kitu, analia na kucheka pamoja. Nilijua ni nini. Nikafika mlangoni, nikageukia ukuta, nikamwambia alikunje hilo gagulo.