Mume Wangu Alirekodi Pepo, Mimi Nikamtambua

Admin, jina langu uweke mbali, na wewe unayenijua ukinitambua, tafadhali nyamaza. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mtoto mmoja na tunakaa Kangemi. Najua hapa kuna watu wa kucheka kila kitu. Chekeni, lakini msome hadi mwisho.

Kabla niolewe nilikuwa nategemea dada yangu mkubwa, nitamwita Rosa. Ndiye alinitoa kwetu Magharibi, akanilisha, akanilipia kujifunza kushona. Alikuwa akiniita Kadogo. Nyumbani ni yeye na mama tu waliotumia hilo jina. Rosa alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja Lavington, akilala huko huko, na kila Jumapili alikuwa anakuja kwangu. Kuna wiki mifereji ilikauka mtaa huo wote, na Jumapili hiyo hakuja. Kesho yake nikaenda kwa lango. Mwajiri wake hata hakunifungulia, aliniongelesha kwa kadirisha.

"Dada yako ametoroka na mwanaume. Mwambie arudishe mtungi wangu wa manjano alioenda nao."

"Mwanaume gani, madam?"

"Si nyinyi ndio mnawajua wanaume wenu?" Akafunga.

Polisi waliniambia atarudi mwenyewe akishapata mimba. Kule nyumbani mama aliila hiyo aibu kanisani mpaka akachoka, akasema jina la Rosa lisitajwe tena kwake, na hata kuniita Kadogo akaacha. Miaka ikapita, nami nikaolewa.

Mume wangu anatengeneza mashine za ofisi pale Westlands. Kabla tujuane, yeye na marafiki wawili walikuwa na kikundi cha kuwinda mapepo. Ndio, watu wazima wenye kazi zao! Walibeba kinasa sauti cha kaseti, kipimajoto na chumvi iliyoombewa, wakaingia nyumba zilizoachwa bila watu, mchana wa Jumapili walinzi wakiwa kanisani. Sheria yao ya kwanza ilikuwa ile tuliyofunzwa na nyanya zetu, kwamba ukisikia sauti usiyoijua inakuita, usiitike. Ya pili walijitungia wenyewe: pepo mwagie chumvi, umfungie pale alipotokea. Hadithi yao kubwa ilikuwa ya mwanamke aliyelia ndani ya tangi la maji la chini ya ardhi, kwa nyumba ya mzungu aliyekufa, huko Lavington. Aliisimulia hata siku ya harusi yetu. Mimi nilikuwa nacheka na wengine, nikiwapakulia wageni chai.

Kaseti yenyewe sikuwahi kuisikia, kwa sababu alikaa nayo rafiki yake. Majuzi huyo rafiki akihama akaileta. Jumapili tukiwa na wageni, tumeshakula, mume wangu akaiweka kwa redio akiwa amejaa furaha.

Mwanzo ni majani yakikanyagwa na wao wakichekana kwa uoga. Halafu sauti ya mwanamke, kama mtu aliye ndani ya pipa. "Nisaidieni! Niko huku chini! Kuna mtu?" Mume wangu anasikika akinong'ona, "Msiitike. Msiitike kabisa." Kisha ile sauti ikaita, "Kadogo! Kadogo weee!" Mmoja wao akauliza Kadogo ni nani, wakaangua kicheko. Chumvi ikamwagwa. Halafu jiwe likaburutwa juu ya kifuniko cha tangi, na sauti ikawa ndogo, ndogo, hadi kaseti ikaisha.

Wageni walipiga makofi. Mume wangu akawaeleza kwamba Kadogo lazima alikuwa mtoto aliyeuawa pale zamani.

Mimi niliweka birika chini. Nikamuuliza, "Hapo kwa tangi kulikuwa na nini kando?"

"Hakuna. Mtungi tu, wa manjano. Tulidhani ni mambo ya waganga."

Wageni walipoondoka nilimwambia kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Sasa pepo na mtu ningetofautisha aje?"

"Kwa kuitika!" nikampigia kelele. "Ungeitika mara moja tu, angekujibu!"

Alilia, siwezi kumsingizia. Lakini asubuhi yake machozi yalikuwa yamekauka, akaanza kuitafuta kaseti. "Tuichome. Wakinifunga, mtoto atalelewa na nani? Na huyo alishakufa, Kadogo." Aliniita hivyo! Kwa mdomo ule ule! Sijawahi kumchukia mtu namna hiyo.

Nilitembea hadi kwa hiyo nyumba ya mzungu, na kumbe imepakana ukuta na kwa mwajiri wa Rosa. Ilishabomolewa. Kumejengwa fleti, na lile tangi walinzi waliniambia lilijazwa mawe, sasa watu wanaegesha magari juu yake. Dada yangu alikuwa ameenda tu kuchota maji.

Kaseti nimeificha ndani ya unga. Pasaka mama anakuja kutuona. Anampenda mume wangu kupita kiasi, humwita mtoto aliyepewa na Mungu badala ya yule mpotevu. Nikimsikizisha, atajua Rosa hakutoroka na mtu. Lakini atasikia pia jiwe likiburutwa, na mkwe wake akiwakataza wenzake wasiitike. Nikinyamaza, mama atazeeka akimlaani mtoto aliyekufa akiita watu.

Na kuichoma siwezi, kwa sababu sauti ya Rosa haiko mahali pengine popote. Mume wangu akienda kazini naitoa kwa unga na kuisikiza mpaka pale ananiita, halafu namwitikia, "Abee, Rosa, niko hapa." Jana mtoto wangu alinikuta hapo akauliza naongea na nani. Nishaurini jamani, nimjibu nini huyu mtoto, na mama akifika nifanye nini?