Peres wa Bwawani Karen

Mimi sisifu watu ovyo. Niliyemsifu kuliko wote, shemeji yangu, ndiye aliyenitoa katika nyumba niliyoijenga mtaa wa Satellite, siku arobaini baada ya kumzika mume wangu. Kwa hiyo nikimsifu Peres, jirani yangu wa ploti ninapopanga sasa, jueni nimempima kwanza.

Tunafanya kazi kwenye bwawa moja la mtu binafsi huko Karen, Nairobi. Mimi huosha jaketi za kuelea na kupika chai. Peres hufundisha wageni kuendesha kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, na kusimama juu ya ubao mpana unaosukumwa kwa kafi ndefu. Alizaliwa kando ya ziwa, Homa Bay, akaja Nairobi kufulia watu nguo. Kazi hii hakufundishwa. Siku moja wageni walikosekana, akaomba ubao, akapanda. Hadi leo, ndege wakikausha mbawa kwenye kisiki, yeye hupita karibu nao kama jani.

Mwezi wa nane alikuja Bwana Ngui kutoka Watamu, kule pwani. Alitafuta mtu mmoja wa kuongoza wageni kwenye mikoko, penye ndege na kasa. Waliotaka nafasi hiyo walikuwa wawili: Peres, na Lenox, mpwa wa mwenye bwawa. Peres aliitaka hadi akakonda.

Ngui alichora mkono wa bahari kwenye udongo. "Mnaingia saa tatu, maji yamejaa. Mtafanya nini?"

"Tunaenda ndani kabisa, tunatulia mikokoni, tunatazama ndege hadi saa saba," Peres akajibu.

"Na maji yakienda?"

"Yaende wapi?"

Lenox alicheka hadi akashika magoti. "Peres, hiyo ni bahari, si ziwa la kwenu. Mtabaki kwenye matope kama viboko."

"Ni kweli," Ngui akasema. "Saa saba utakuwa unawabeba wageni mgongoni."

Peres akautazama mchoro. Mtu wa ziwani angejuaje kwamba kuna maji yanayoondoka mara mbili kwa siku? Niliona kazi imempita. Naijua hasira hiyo, ya kunyang'anywa na mtu anayecheka.

Likabaki jaribio la majini: Peres na Lenox wakaingia, kila mmoja na wageni wawili juu ya mbao. Kwenye matete, yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wamelalia mayai. Lenox aliwapeleka wageni wake hadi kwenye viota wapige picha. Ndege wakaruka wote, mayai yakabaki juani. Peres aliwasimamisha wageni wake mbali, akapiga magoti juu ya ubao, nao wakaiga. Wakakaa hivyo, kafi zimelazwa, hadi ndege wakaanza kurudi mmoja mmoja.

"Dada, mbona huwasogezi?" Ngui aliita kutoka ukingoni.

Peres hakugeuka. Aliinua kidole tu, kumnyamazisha. Nikaogopa: anamnyamazisha mwenye kazi.

Ngui akachuchumaa ukingoni, akatazama. Walipotoka majini alisema, "Mambo ya kupwa na kujaa nitamfundisha Peres kwa wiki moja. Jumatatu aje Watamu."

"Na mimi?" Lenox akauliza.

"Wewe kaa na mjomba wako."

Jioni Peres alikalia ndoo karibu nami nikianika jaketi, ameshika karatasi ya saa za maji aliyopewa na Ngui.

"Mama Kuria, niulize maji ya Jumanne."

"Jumanne maji yanaanza kutoka saa ngapi?"

"Saa tano na robo." Akachungulia karatasi. "La, na nusu. Niulize tena."

Nikamuuliza tena.