Mchele wa Msiba wa Farasi

Nilisafiri kutoka Euless, jirani na Dallas, kwenda Stafford, kando ya Houston, kumpa mtu pole ya farasi. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, kama alivyocheka mume wangu, halafu tuendelee.

Aliyefiwa anaitwa Amisi, Mkongo wa Uvira. Tulifahamiana kambini Kasulu, mimi nikiwa muuguzi wa zahanati, yeye na mkewe, Mama Neema, wakiwa wakimbizi waliofika na nguo walizovaa. Siku hizi nauguza wazee huku Texas, na Amisi anatunza farasi kwenye zizi moja nje ya Houston. Anawaogesha, anawalisha, anawafunga bandeji miguuni na kuwatembeza asubuhi. Mmoja kati yao alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo Amisi hakulitumia hata siku moja. Alimwita Mukubwa, kwa sababu mnyama yule hakukubali mwenzake atangulie kupita mlangoni.

Mukubwa alipelekwa majimbo ya mashariki, Amisi akiwa naye, kukimbia mbio za kuruka vizuizi, zile ndefu za maili nne. Karibu na mwisho akakwaa kizuizi cha mbao na kuanguka. Mguu ulivunjika vibaya, na daktari wa mifugo akamdunga sindano ya kumaliza mateso palepale kwenye majani. Amisi alirudi Texas na hakukanyaga tena zizini.

Mama Neema akanipigia simu. "Dada Mwanaidi, kuja umuone huyu mutu. Analia sawa mutoto. Bosi amemupa mpaka Monday, arudi atayarishe farasi mwingine wa mbio ile ile, ao aache kazi. Mimi nimechoka kabisa."

Kwetu Singida mtu akilia anaendewa. Hatuulizi kwanza kama machozi yake yanastahili. Nikatia garini mfuko wa mchele, sukari na majani ya chai, kama ninavyobeba kwenye msiba wowote.

"Na ubani utampa nani?" mume wangu akauliza, ameegemea mlango wa gari. "Farasi mwenzake?"

"Nitakupa wewe, maana maneno yako yanafanana na yake."

Ijumaa mchana nikaingia barabarani. Ndege zilikuwa zinashuka juu ya paa za Euless kama kawaida, na kuivuka Dallas peke yake kulinimalizia subira. Ukishaipita, barabara ya kusini inanyooka na nchi inakuwa tambarare, malisho upande huu na upande ule, ng'ombe weusi wamesimama kwenye matope. Kwetu mtu angekiona kiwanja kikubwa namna hiyo angeuliza walime nini.

Nikipita mji wa Corsicana lori la farasi lilinitangulia kwa maili kadhaa. Kwenye mianya ya ubavuni niliona pua mbili tu, zikinusa upepo. Siku nyingine ningelipita bila kuliangalia. Siku ile nilikaa nyuma yake polepole mpaka lilipochepuka, na nilihuzunika hasa, ingawa wale farasi huenda walikuwa wakienda kula majani tu.

Huntsville misonobari inaanza, na kuna sanamu refu jeupe la mtu mwenye fimbo linalowatazama wapita njia. Nilisimama nikanywa chai mbaya sana. Nikamwaga nusu yake na kuendelea.

Stafford nilifika jua linakaribia kuzama. Mama Neema alinikumbatia, akanipokea mizigo, kisha akafungua mfuko na kuona mchele.

"Hii ni ya nini, dada?"

"Ya msiba."

Akauweka mfuko chini na kuusukuma kwa mguu mpaka nyuma ya mlango. "Kwa hii nyumba hakuna mutu alikufa," akasema, akaenda kupika ugali na sombe, yaani kisamvu, kwa unga wake na mboga zake.

Wakati wa chakula ndipo niliposikia ubishi wenyewe. Neema, binti yao anayesoma chuo, alikuwa amekwisha kutia jina lake kwenye ombi la kutaka mbio zile zipigwe marufuku. Amisi alikuwa amekaa kichwa chini, ugali haujapungua.

"Auntie, honestly, hakuna cha ku-debate," Neema akaniambia. "Jockey anayempanda anachagua. Owner anachagua. Farasi hajachagua kitu."

"Alipenda kuruka," Amisi akasema kwa sauti ndogo. "Kule shambani aliruka hata bila mutu kwa mugongo. Mimi niliona."

"Kuruka alipenda, Baba. Lakini four miles? Amechoka, halafu anarukishwa tena na tena? Nani alimuuliza?"

Machozi yalimtoka Amisi waziwazi, yakashuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Mama Neema aliinuka na sahani yake.

"Siku ya Elia hukulia," akamwambia mumewe, akaingia jikoni.

Elia alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifia zahanati ya kambi kwa malaria, akiwa ndiyo kwanza anatembea, na mimi nilikuwa zamu. Alizikwa siku ileile. Mgao wa chakula ulikuwa umechelewa, kwa hiyo waliokuja kuomboleza walikaa kidogo, wakaondoka bila kupewa hata uji. Amisi alichimba kaburi mwenyewe na kurudi na macho makavu. Hivyo nikauelewa ule mguu uliousukuma mchele wangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Amisi amekaa kwenye ngazi ya nyumba na kikombe cha kahawa. Nikakaa ngazi ya chini yake. Sikumuuliza kitu, akaanza mwenyewe.

"Ile siku alikataa kutangulia, dada. Mukubwa, ambaye kila mulango ni yeye wa kwanza. Tulifika kwa geti ya uwanja, akasimama. Akaniangalia. Batu nyuma wakasema haraka, haraka. Nikamugusa hapa kwa shingo, nikamuambia twende. Akanifuata."

Nilimwambia farasi anaweza kusimama kwa lolote: kelele, mwavuli, harufu. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuwatolea wafiwa sababu kumi za kutojilaumu, na nyingi ni za kweli.

"C'est possible, inawezekana," akasema. "Lakini akanifuata."

Siku nzima ile alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa, na Mama Neema akapita mbele yake kama anampita mpangaji.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Amisi alisema anataka kwenda zizini kutoa jibu lake, asingoje Jumatatu. Akaniomba nimpeleke. Mama Neema akajitia garini kiti cha nyuma, na nguo zake za ibada, bila kualikwa na mtu. Katika miaka yote ya kazi ile hakuwahi kupaona mahali hapo.

Zizi liko nje kabisa ya mji, mahali ambapo nyumba zinaachia mashamba ya mpunga. Ni safi kuliko wodi nyingi nilizofanyia kazi. Bosi, Mmarekani mrefu mwenye sauti ya upole, alimpa Amisi mkono wa pole kwa mikono miwili, na nasema kweli, nilikwenda nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Macho yake yalikuwa mekundu alipopita mbele ya chumba kitupu cha Mukubwa.

Nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini anawakimbiza mbali hivyo. Alijibu kwamba farasi hawa wanatoka kwenye viwanja vya mbio za kawaida, ambako hawakuwa na kasi ya kutosha. Asingewachukua yeye, wengi wangeuzwa kwa watu wa kuwachinja. Vizuizi vimepunguzwa urefu, akasema, madaktari wameongezwa, na farasi anayepumzishwa anadhoofika kwa huzuni. Nikamuuliza kama mbio ndefu haziwezi kufupishwa. Alitazama majani ya uwanja. Akasema wenye farasi wanataka zile ndefu, maana ndizo watu wanazokuja kuzitazama. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Farasi mpya alikuwa jike la rangi ya kahawia, kijana, shingo nyembamba. Alipomwona Amisi alitoa kichwa nje ya mlango wa chumba chake na kukiweka begani kwa mtu yule, uzito wote. Amisi akafumba macho.

Mama Neema alisogea taratibu, akihofia viatu vyake. Yule jike akamnusa kilemba. Mama Neema akanyoosha mkono, akamgusa kati ya macho, na mkono ukabaki pale.

"Huyu njo wanataka kupeleka?" akauliza.

"Ndiyo, njo huyu," Amisi akasema.

"Na wewe utakamata kamba?"

Jibu la Amisi halikuwa la swali lile.

"Elia alifia kwa mikono yako, mama," akasema. "Homa ilimukuta kwetu, ndani. Mimi sikumupeleka fasi ya hatari. Nilichimba, nikamufunika, nikasema Mungu amechukua. Sikujua kulia inaanza wapi. Lakini Mukubwa ni mimi nilimupeleka na huu mukono. Kila mara nikimulilia, Elia naye anakuja. Wanakuja wote wawili. Siwezi kuwatenganisha."

Mama Neema aliendelea kumpapasa mnyama uso, na kilemba kikamlegea, asikitengeneze. Baadaye akasema, "Usimukamate kamba. Hata tukirudia kazi ya warehouse. Usimukamate."

Amisi akamwendea bosi. Nilisikia Kiingereza chake chote, maana alikisema polepole. Atamlisha jike yule, atamuogesha, atamfunga miguu kila siku ya maisha yake, ila hatampeleka kwenye mbio za maili nne, wala hatamtayarisha kwa mbio hizo. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, na kwamba hawezi kuweka mtunzaji wa namna hiyo. Jike atakwenda; asipompeleka Amisi, atampeleka mwingine.

Hapo ndipo nilipomwona Amisi akiyumba. Huyo mwingine hatajua kwamba mguu wa kushoto wa nyuma unavimba asubuhi, akaniambia, wala kwamba jike anaogopa mifereji ya maji. Nilidhani atarudi nyuma. Alimwomba bosi ruhusa ya kumuogesha kwa mara ya mwisho, akapewa. Mama Neema akavua viatu vya kanisani, akashika mpira wa maji. Walimuogesha pamoja, akianza mmoja na miguu ya mbele na mwingine ya nyuma. Kisha Amisi akamkabidhi bosi kamba.

Tulirudi Stafford. Mama Neema aliingia kwanza, akauvuta mfuko wa mchele kutoka nyuma ya mlango, akaupasua kwa kisu na kuupika wote, kwenye sufuria kubwa ya sherehe. Akawaita majirani, Wakongo kwa Watanzania, na kila aliyeuliza ni kilio cha nani aliambiwa, "Ya mutoto wetu, Elia." Hakuna aliyeuliza ni cha lini. Walikaa mpaka mchele ukaisha, na Neema akapita na maji ya kunawa, akisikia habari za kaka ambaye hakumjua.

Jioni nikashika njia ya kaskazini. Nilifika Euless nimechoka, na mume wangu alikuwa bado macho.

"Haya, msiba wa farasi ulikuwaje?"

"Watu walikula," nikamwambia, na nikalia hapo mlangoni mpaka akaacha utani wake.

Wasomaji wa nyumbani wataniuliza nimejifunza nini, na kama mbio zile zizuiwe au ziachwe. Singida tunambebesha punda maji mpaka magoti yanapinda, kwa hiyo sijioni hakimu. Ila ningezifupisha kesho asubuhi, kama ningekuwa na neno. Na nimejifunza kutochagua msiba wa kwenda kwa kuuliza aliyekufa ni nani.

Siku ya mbio za yule jike ilipita. Amisi, ambaye sasa anapakia maboksi ghalani usiku, alinipigia.

"Amerudi, dada. Hakushinda. Amerudi na miguu yote ine."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikangoja naye afurahi. Nikasikia Mama Neema akisema kitu nyuma yake, na Amisi akanifikishia.

"Anauliza nani alimuogesha kule," akasema. "Na mimi sijui."