Koti Jekundu Kilimani

Hili hata mke wangu sijamweleza lote. Jumamosi nilimpeleka binti yetu Neema, wa miaka minne, akiwa na koti lake jekundu, kuteleza kwenye kilima cha theluji huku ughaibuni, Maple Grove. Baridi ilipozidi nikamwambia tuondoke, akanuna. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, nilipoinuka nikanyanyua koti jekundu lililokuwa mbele yangu, skafu hadi puani, nikaenda nalo kwenye gari.

“Ukininunia hupati chapati,” nilimwambia. Nikamfunga mkanda kwenye kiti chake, nikamshusha skafu nimfute kamasi.

Macho ya bluu yakanitazama. Alikuwa mtoto wa kiume, wa Kizungu, ametulia tuli.

Mimi, mtu mweusi mwenye lafudhi, nimemfungia mtoto wa watu garini. Na wangu yuko wapi? Nilimbeba mbio kurudi, nikitafuta Kiingereza nisikipate.

Kilimani mama mmoja alikuwa akilia, watu wamemzunguka, mmoja anapiga simu polisi. Neema alikuwa amemshika mama huyo mkono, anambembeleza. Aliponiona akaninyooshea kidole, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujivunia:

“Huyo aliyembeba ni baba yangu.”