Nyoka wa Sufu Mlangoni

Nyumba ya Mama Joto haikuhitaji kuelekezwa mara mbili. Ukipanda ule mtaa wa mlimani, ukakuta mlango umefungwa mchana kweupe na bado unasikia harufu ya mkate, basi umefika. Bisha kwa nguvu tu, maana ndani hawasikii.

Alikuwa fundi wa kufuma. Sweta za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alifumiwa kila kitu isipokuwa viatu. Mzee huyo alikuwa na kifua kibovu. Baridi ikimgusa kidogo, alikohoa mpaka vikombe vikagongana kabatini. Daktari alisema aepushwe na upepo, na Mama Joto, jamani, neno hilo alilishika kwa mikono miwili. Alifuma mikanda minene akaziba nyufa zote za madirisha. Kisha akafuma nyoka mrefu, akamshindilia mabaki ya nyuzi, akamtia macho ya vifungo na kumlaza chini ya mlango. Mvua zilipoanza, akaondoa jiko la mkaa kwenye kibanda cha nje na kuliweka katikati ya sebule. Mkate sasa ukawa unaokwa humo humo, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko, na wao wawili pembeni wamenyoosha miguu, soksi nene hadi magotini.

"Hapa hata mfalme angeomba chumba," mzee alisema.

Paka ndiye aliyeikataa raha hiyo. Makaa yakikolea tu, alikwangua mlango mpaka afunguliwe, akaenda kujikunyata kwenye mvua.

"Kiumbe asiye na shukrani," Mama Joto alimwambia, akamrudisha nyoka mahali pake.

Siku moja alikuja wifi yake, dada wa mzee, muuza mitumba mwenye sauti ya sokoni. Hakumaliza hata kikombe cha chai.

"Wifi, hii si nyumba, ni tanuri! Unataka kumwoka kaka yangu?"

"Mlinipa mbichi. Mwache aive."

"Akiiva sana ataungua, shauri yako. Fungua dirisha hata kidogo."

"Akohoe usiku kucha? Utakuja kumsugua kifua wewe?"

Wakacheka wote watatu. Lakini wifi aliondoka akijibonyeza kipaji cha uso, na Mama Joto alimwona akisimama nje, ameshika ukuta, kama mtu aliyeshuka kwenye gari bovu.

Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga siku hizo. Mzee naye alilalamika usingizi mzito na kichefuchefu. Wakasema ni uzee, wakasema ni hali ya hewa.

Dawa yao ilikuwa Jumapili. Mvua ikikatika, walifunga mkate kwenye taulo, wakabeba chupa ya chai na mfuko wa kufumia, wakapanda polepole hadi kwenye miamba iliyo juu ya mtaa. Mzee alipumzika kila penye jiwe la kukalia, akijifanya anatazama mandhari. Kule juu kichwa kilimwacha Mama Joto, na mzee alikula kama kijana.

"Mlima huu una dawa," alisema.

"Na kule chini kuna nini?" mkewe alimtania, bila kujua kilichomtoka kinywani.

Wakati huo alikuwa akimfumia sweta la mistari. Donge la sufu ya kahawia lilikuwa kubwa mno kubebwa, kwa hiyo alilifuma nyumbani. La kijivu lilienea mfukoni, akalifuma mlimani. Sweta likaanza kumshangaza. Mistari ya kijivu ilinyooka kama iliyopigwa rula. Ya kahawia ilipinda, mishono imeachia hapa na pale, yeye ambaye hakuwa ameachia mshono tangu ujana wake.

"Sufu hii ni mbovu," alisema, na akamlaani aliyemuuzia.

Jumapili iliyofuata mvua haikukatika. Mkate ukawa juu ya jiko, mzee akasinzia kitini, na Mama Joto akachukua lile donge la kijivu, afume walau kitu kimoja kizuri siku hiyo. Alifuma safu kadhaa, huku kope zikimwelemea, kisha akalinyoosha sweta magotini.

Kijivu kilikuwa kimepinda.

Alilitazama kwa muda mrefu, maana mawazo yalikuja kwa kujikokota. Sufu ile ile. Mikono ile ile. Kilichobadilika ni chumba tu. Nje ya mlango paka alikuwa akilia. Makaa yaliwaka mekundu, safi, bila moshi hata chembe, na hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa akiogopa upepo wakati cha kuogopa kilikaa katikati ya sebule.

"Mume wangu! Amka, tutoke!"

Mzee hakuitika.

Miguu ya Mama Joto ilikataa, akaenda mlangoni kwa magoti. Nyoka alikuwa amebanwa chini ya mlango, mnene, imara, kazi ya fundi. Alimvuta mpaka mishono ikaachia na matumbo yake ya nyuzi yakamwagika sakafuni. Mlango ukafunguka. Alivuta hewa, akarudi, akamshika mzee kwa sweta alilovaa, akamburuta. Lilivutika mpaka likafika magotini, lakini halikukatika. Nyuma yao mkate uliungua.

Mvua ilimpiga mzee usoni. Baada ya muda ambao mkewe hapendi kuusimulia, akakohoa. Kikohozi kile kile ambacho Mama Joto alikuwa akikikimbia, safari hii alikipokea kwa machozi.

Jiko lilirudi kibandani, na madirisha yakawa wazi mchana kutwa. Wifi huja kila siku sasa, anatania kidogo, anamtazama kaka yake zaidi, na kumjibu swali lile lile mara mbili.

Jumapili bado wanapanda. Mama Joto hufuma kijivu, kinanyooka. Juzi, wakiwa kule juu, alimkatia mzee mkate, akamwekea mkononi. Mzee akaupapasa, akatazama miamba, bonde, na mapaa ya mtaa wao huko chini.

"Mke wangu," aliuliza kwa upole, "tunapanda lini mlimani?"