Mzamiaji Aliyekaa Eda

Hayat ni mtu wa kawaida, na naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kazi yake humfanya jini. Alizaliwa Wete, akaletwa London angali mtoto, akasoma, akaolewa na Asad, wakapanga chumba na sebule juu ya duka la simu karibu na stesheni ya Rayners Lane. Anapenda chai ya maziwa yenye sukari kupita kiasi, na mkate wa kumimina ukipikwa na yeye huwa matofali. Miezi mingi ya mwaka anauza viatu Stratford. Ila mvua kubwa za India zikishakwisha, hupanda ndege kwenda pwani ya Gujarat, akajifunga mtungi wa hewa mgongoni na kuzama kutafuta bandari za kale zilizomezwa na bahari. Kuna watu wamesomea jambo hilo, na yeye ni mmoja wao.

Mimi naitwa Miska. Ni jirani yake, mlango kwa mlango, natunza wazee majumbani mwao, na subira yote niliyopewa huimaliza kazini. Siku za mwanzo nilimwuliza huko chini anaona nini. Akanijibu kwamba haoni kitu. Maji ya huko ni tope tupu, na mkondo wake una nguvu za kuburura ng'ombe, kwa hiyo wanateremka katika ule muda mfupi maji yanapotulia, kamba kiunoni, na kazi yote ni ya kupapasa. Mwenzake aliye mashuani anaishika ile kamba na kusikiliza kwa mkono.

Misimu miwili iliyopita mikono yake ilikuta jiwe kubwa lenye matundu matatu. Hiyo ni nanga ya zamani, kabla watu hawajafua nanga za chuma. Pembeni yake akakuta jingine, na jingine, na nyuma yao ukuta uliojengwa. Alirudi London hasemi kingine. Kwa Hayat ile ilikuwa gati, mahali ambapo watu walishusha mizigo na kupandisha na kugombana juu ya ushuru, na hakuna aliyeigusa tangu maji yalipopanda. Mkuu wao, Nishma, Mhindi wa Kisumu aliyekulia Southall, alimwahidi kwamba mahali pale ni pake kupachora kwenye ramani. Kisha ikaja habari kwamba serikali ya huko inajenga bandari mpya, na sehemu ile yote itafukiwa. Ulikuwa umebaki msimu mmoja.

Mwezi wa tisa Asad alitoka asubuhi kwenda kazini, akaanguka kwenye ngazi za stesheni, hakuinuka.

Mjane kwetu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Siku ya tatu ya msiba Bi Sheikha, mama yake Asad, alikuja kutoka Stratford na masufuria yake, na hakuondoka. Alilala kitanda kimoja na Hayat. Alimpikia uji, alimkanda miguu, alimfungia mapazia asionekane na watu wa kituo cha basi. Si mwanamke mbaya, na hapo ndipo penye tabu, kwa sababu mtu mbaya ungemtolea maneno ukapumua. Huyu ukimwambia neno anakuangalia kwa macho ya mwanawe.

Nilijaribu. Nilimpigia sheikh wa msikitini, akasema mjane anaweza kutoka mchana kwa haja yake, mradi alale nyumbani. Nikaja mbio na fatwa yangu kama nimeshinda bahati nasibu.

"Sheikh huyo mtu wa wapi?" akaniuliza Bi Sheikha.

"Wa Birmingham."

"Basi hiyo eda ya Birmingham. Sie tuna yetu."

Kwa hiyo Hayat akakaa. Chumba kile unakivuka kwa hatua chache, na nje treni zinapita kutwa zikienda mahali. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekaa chini, macho ameyafumba, vidole vinatembea juu ya zulia. Nikadhani anasoma uradi, kumbe alikuwa anapita kwenye mawe yake, moja baada ya jingine, asiyasahau. Roho iliniuma, na nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Lakini alikuwa na mpango. Eda ingekwisha mwisho wa Januari, na wenzake wangekuwa bado wako baharini. Tiketi ilikuwa ya asubuhi inayofuata. Bi Sheikha hakuipinga, maana sheria ni sheria, mtu akishatoka eda ametoka. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpeleka Heathrow. Hayat alilisubiri hilo kwa utulivu ulionishangaza. Alikula alichopewa. Alipotapika, tukasema ni huzuni. Alipokwenda kwa daktari, alituambia ni presha. Na kila mwezi, kwa wiki nzima, mswala wake ulibaki umekunjwa juu ya kiti, kama ilivyo kwa mwanamke aliye katika siku zake. Bi Sheikha aliuona umekunjwa, na mimi niliuona, na tuliendelea na shughuli zetu.

Siku ya kutoka eda ilikuwa Jumamosi. Sebule ilijaa wanawake kutoka kila pembe ya London, udi unafuka, biriani imekuja kwa Uber, na king'ora cha moshi kimeshafungwa taulo na dada mmoja mwenye uzoefu. Kwa desturi yetu mjane anaogeshwa na mwanamke mtu mzima, anavuliwa nguo za eda, anavishwa mpya. Bi Sheikha alisema hatomwachia mtu kazi hiyo. Hayat akasema ataoga mwenyewe.

"Mama, si lazima. Nitajimwagia tu shower."

"Mwanangu sikumwosha, wamemwosha wanaume," akasema Bi Sheikha. "Nikuoshe wewe."

Tukaingia bafuni watatu, mimi nimeshika kanga mpya na taulo. Hayat alisimama ndani ya beseni la kuogea na shuka lake jeupe la eda, amelishika kifuani kwa mikono miwili. Bi Sheikha alimimina maji kichwani, mabegani, anasoma kwa sauti ya chini. Shuka likalowa, likaganda mwilini. Hapo maji yakasita.

Lilikuwa tumbo dogo, la duara, juu kidogo kuliko tumbo la aliyenenepa kwa uji. Mie nimezaa watatu. Sikuhitaji kuambiwa.

Bi Sheikha aliliweka kopo chini, akakaa kwenye ukingo wa beseni.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajafa," akasema Hayat. "Nilijua mwezi wa kumi."

"Na mswala?"

Hayat alilikaza shuka kifuani. Nikaelewa. Alikuwa ameacha sala zake kwa makusudi, wiki nzima kila mwezi, mtu ambaye sijapata kumwona akikosa alfajiri, ili mama mkwe ahesabu kwamba tumbo ni tupu. Maana mjane mwenye mimba eda yake si miezi minne. Eda yake ni mpaka ajifungue, na hilo hata yule sheikh wa Birmingham angelisema.

Bi Sheikha alianza kulia, bila sauti, anatabasamu huku analia. Aliinama akaweka shavu lake juu ya lile shuka bichi, akakaa hivyo. Hayat alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Mama, niruhusu niende," akasema. "Sitozama, wallahi sitozama, mja mzito hazamishwi. Nitakaa juu mashuani nichore. Watu wanapapasa wanapanda wananiambia, mie nachora. Wiki sita tu. Nikirudi nitakaa mpaka nizae, hata dirishani sitochungulia. Mahali penyewe panafukiwa, Mama. Hapatakuwapo tena."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Asad naye alikwenda kazini tu," akasema Bi Sheikha. "Hapo stesheni, naiona kwa dirisha. Hiki kilichobaki nikiache kivuke bahari?"

Alisimama, akanichukulia taulo mkononi, akampangusa uso kama anavyopanguswa mtoto. Zile kanga mpya hakuzigusa. Alichukua shuka jingine jeupe kabatini, akamfunga nalo vizuri, akakaza fundo, akatoka. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nacho mdomoni, kikali, lakini nilipomwona anavyotembea, mama aliyepewa nusu ya mwanawe, nikakimeza.

Tukamsikia sebuleni anawaambia wageni kwamba eda haijesha, na kwa nini. Halafu wakapiga vigelegele. Wanawake thelathini ndani ya sebule ya watu sita, kuta zinatikisika, mtu analia, mtu anaimba, mwenye duka la simu nadhani alifikiri paa linashuka.

Hayat alikaa juu ya kifuniko cha choo. "Nipe simu, Miska."

Nishma alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na upepo na injini.

"Umepaki mizigo? Kesho nakutuma gari airport."

"Siji. Nina mimba."

"Hayat! Hongera, jamani," akasema Nishma, na kweli alifurahi, ulimsikia. Kisha sauti ikabadilika, maana naye si mjinga. "Wewe unajua kila mtu nauliza afya yake kabla hajapanda boat. Ungeniambia nini?"

"Ningekwambia nikishafika."

"Unajua singekushusha chini."

"Najua. Nilitaka kuwa hapo tu."

Upepo ukapita. Nishma akauliza nani atashuka kwenye yale mawe, kwa sababu lazima mtu ashuke, siku zinakwenda. Hayat akamwambia ashuke yeye mwenyewe. Akamweleza njia, polepole, macho ameyafumba: ashike ukuta kwa mkono wa kushoto, aende mpaka unapovunjika, ateremke kidogo, avue glavu maana jiwe la tatu lina mkwaruzo ukingoni ambao hausikiki kwa mpira, ni mahali kamba ilipokuwa ikisugua. Aliupapasa hewani kwa kidole. Alimpa kila kitu, hakubakisha hata kimoja, na alipomaliza akamshukuru na kukata simu.

Wanawake walikuwa wamefika mlangoni, wanagonga, wanataka kumbusu bi harusi wetu wa mimba. Nilisimama nikaegemeza mgongo kwenye mlango.

"Miaka sita tulimwomba Mungu mtoto huyu," akasema Hayat. "Kila swala. Asad alikuwa analia kwenye sijda. Sasa amekuja, Miska, na simtaki. Leo simtaki. Hilo nimwombe nani?"

Nikachukua taulo nikaanza kumkausha nywele, na nje wakaendelea kugonga.