Insha Niliyoiandika Upya

Harufu ya nta ya sakafu katika shule ya mwanangu hapa Wembley, London, imenirudisha katika darasa langu la utotoni, papa hapa Uingereza. Mwalimu alikuwa ametusimulia habari za Waingereza waliopigania kukomesha biashara ya utumwa, kisha akatutaka tuandike insha za mashindano ya shule. Nikaandika kwamba bibi yake mama alikuwa mtumwa Unguja, akatoroka mwenyewe shambani, mtoto mgongoni. Mwalimu akaikata sentensi ile kwa wino mwekundu.

"Waingereza ndio waliomkomboa," akasema. "Andika upya."

Nyumbani nilimweleza mama.

"Mwandikie atakavyo, mwanangu. Sisi hapa wageni."

Nikaandika. Insha ikashinda, nikaisoma mbele ya wazazi wote. Mama alipiga makofi kama wenzake.